Mwezi wa Notisi Malindi

Barua ya mwajiri ilifika ofisi ya tawi la chama chetu cha wafanyakazi mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zimeshika. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilieleza kwamba mapato yameshuka, mzigo wa mishahara umezidi, na kwa hivyo wafanyakazi wa usafi, masoko, maegesho na barabara watapunguzwa mwaka mpya wa fedha ukianza Julai. Idadi haikutajwa, vigezo havikutajwa. Mwajiri mwenyewe simtaji. Ninachotaka kuandika ni namna kazi ya chama ilivyofanywa mwezi ule Malindi, kwa sababu barua kama ile inaweza kumfikia mfanyakazi wa mji wowote.

Katibu wa tawi alifanya jambo moja kabla hata hatujaanza kubishana. Alipiga muhuri nakala zote mbili, akaandika tarehe na saa, akamwambia tarishi atie sahihi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri akijulishe chama, na amjulishe afisa wa leba, si chini ya mwezi mmoja kabla ya siku anayokusudia kuwaachisha watu kazi, tena aeleze sababu na ukubwa wa upunguzaji. Barua tuliyoletewa iliandikwa tarehe ya wiki mbili nyuma. Bila ule muhuri, hizo wiki mbili zingekuwa zimeliwa. Kesho yake asubuhi watu wawili walitumwa ofisi ya leba kuuliza kama nakala imefika. Haikuwa imefika. Hilo nalo likaandikwa, na tarehe yake.

Jibu letu lilikuwa fupi kwa makusudi. Tuliomba vitu vinne: sababu kwa tarakimu, idadi ya nafasi kwa kila idara, vigezo vya kuchagua watu, na orodha ya wafanyakazi wote kwa tarehe ya kuingia kazini. Sheria imetaja vigezo hivyo yenyewe: muda mtu aliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wake, akilinganishwa na wenzake wa daraja lile lile. Tulitaja pia uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2014 kuhusu Kenya Airways, ambao watu wa vyama huutegemea sana, kwa kuwa unaichukulia notisi ile kama nafasi ya mashauriano ya kutafuta njia ya kuepusha au kupunguza kuachishwa kazi. Vijana wetu wengine walitaka barua ya kurasa sita yenye maneno makali. Barua ndefu humpa mwajiri nafasi ya kujibu lile jepesi na kuliacha zito.

Halafu likaja daftari. Hapa ndipo nguvu zetu nyingi zilipokwenda, na mpaka leo naamini hakuna kazi ya chama iliyo muhimu kuliko hii. Mwajiri ana orodha yake. Chama kisichokuwa na orodha yake kinaingia mkutanoni mikono mitupu, kinaambiwa majina na kinayaamini.

Tulinunua kauntabuku nene, tukachora safu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya ajira, idara, daraja, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya barua ya kwanza ya kazi, mshahara wa msingi, siku za likizo zilizobaki, kama makato ya chama yanaonekana kwenye pesilipu, na simu. Kila mtu alitakiwa alete nakala ya barua ya ajira na pesilipu tatu za karibuni. Namba ya kitambulisho haikuwa pambo. Akina Kazungu na akina Kahindi ni tele katika kila idara ya Malindi, na majina ya babu hurudi kwa wajukuu. Watu wawili wenye majina matatu yanayofanana, mmoja wa mwaka 1998 na mwingine wa 2011, wakichanganywa, aliyetangulia ndiye anayepoteza.

Nyaraka zilikuwa shida kubwa. Barua za miaka ya tisini zililiwa na mchwa, nyingine zilirowa nyumba ikivuja. Aliyekosa barua alielekezwa kuchukua taarifa ya michango yake NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa inaonyesha mwezi wa kwanza aliokatwa na jina la aliyemkata. Haithibitishi siku yenyewe, lakini inathibitisha mwaka, na malipo ya kuachishwa kazi huhesabiwa kwa miaka kamili. Wengine walikuwa na karatasi za mfuko wa uzeeni wa mabaraza ya zamani. Hizo zilikuwa dhahabu, maana mwajiri hawezi kukana karatasi iliyotokana na makato yake mwenyewe.

Meza zilipangwa kwa saa za watu, hazikupangwa kwa saa za ofisi. Wafagiaji huanza alfajiri, kwa hivyo meza yao iliwekwa karibu na soko la zamani saa nne, wakishamaliza zamu. Wa maegesho walifuatwa Barabara ya Lamu wakati wa chakula cha mchana. Walinzi wa usiku walijaziwa jioni kabla ya kuingia zamu. Ijumaa mchana hapakuwa na meza, wala Jumapili asubuhi. Kila meza ilikuwa na watu wawili, mmoja anauliza na mwingine anaandika, kwa sababu anayeuliza huku anaandika hukosea tarehe. Na yote yalifanyika nje ya saa za kazi, ili mtu asije akaandikiwa barua ya kutoroka kituo.

Swali lililoulizwa zaidi ya yote lilihusu malipo ya kuachishwa kazi, ambayo kifungu cha 40 kinayapima kwa mshahara wa siku 15. Bi mkubwa mmoja wa usafi, fagio la chelewa bado liko mkononi, aliinama mezani akasema, "Mwanangu, hizo siku kumi na tano ni zote, au ni za kila mwaka?"

"Ni za kila mwaka, mama. Kila mwaka uliokamilika."

Tukamfanyia hesabu mbele yake, kama tulivyomfanyia kila aliyeuliza. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 18,000 na mtu ametumikia miaka 11 na miezi 10. Miezi 10 haihesabiwi. Siku 15 mara miaka 11 ni siku 165. Ukigawa mshahara kwa siku 30, siku moja ni shilingi 600, na jumla ni 99,000. Ukigawa kwa siku 26, ambazo ndizo siku za kazi za mwezi, siku moja ni karibu shilingi 692, na jumla inapita 114,000. Kifungu cha 40 hakikutaja ugawe kwa ngapi. Mwajiri atagawa kwa 30 kimyakimya, na tofauti ya shilingi 15,000 kwa mtu mmoja inapita bila kuonekana. Juu ya hizo kuna mwezi mmoja wa notisi au mshahara wake, na likizo ambayo hajaichukua, ilipwe taslimu. Na ikumbukwe kwamba siku 15 ni kiwango cha chini kabisa. Makubaliano ya pamoja yanaweza kupanda juu yake, hayawezi kushuka.

Kundi lililotutia uchungu zaidi lilikuwa vibarua. Wapo waliofagia mitaa ya Shela na Maweni kwa miaka, wakilipwa kwa siku, bila barua. Kwa mwajiri hawa si wa kupunguzwa, ni wa kutoitwa tena tu. Lakini kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, ajira yake inageuka kuwa ya mwezi. Akipita miezi miwili mfululizo anastahili masharti ya mfanyakazi wa kawaida. Ushahidi wao ulikuwa karatasi za mahudhurio za wasimamizi na ujumbe wa malipo kwenye simu. Tuliwaambia wasifute ujumbe hata mmoja. Simu ikiharibika, waombe taarifa ya miezi kutoka kwa kampuni ya simu.

Wakati daftari linajazwa, zikaanza kuzungushwa fomu za kuondoka kwa hiari. Zililetwa na wasimamizi, mtu mmoja mmoja, kwa maneno matamu: ukitia sahihi leo utalipwa haraka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi kwamba mtia sahihi hatakuwa na dai lingine lolote. Anayeondoka kwa hiari hahesabiwi kama aliyepunguzwa, kwa hivyo kinga ya kifungu cha 40 inaweza kumtoka. Agizo la chama lilikuwa jepesi kushika: usitie sahihi mahali uliposimama, omba nakala, ilete mezani. Walioileta walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, na fomu zile baadaye zilitufaa sana mbele ya msuluhishi.

Kuhusu mgomo, tulibishana mpaka usiku. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini Sheria ya Mahusiano Kazini ya 2007 inataka mgogoro uwe umepita usuluhishi kwanza, kisha notisi ya maandishi ya siku saba, na wazima moto na watu wa maji wamo katika orodha ya huduma muhimu, hawaruhusiwi kugoma kabisa. Mgomo usiolindwa na sheria ungempa mwajiri sababu ya kuwafukuza watu bila kulipa hata hizo siku 15. Tulichofanya ni kuripoti mgogoro wizarani mapema, maana sheria inaruhusu mgogoro wa kupunguza wafanyakazi uripotiwe mara tu notisi ikitolewa. Ukishauripoti, mlango wa kwenda mahakama ya ajira kwa haraka unakuwa wazi. Faili ya mahakama iliandaliwa na kuwekwa tayari, na mwajiri alijulishwa kwamba iko.

Bajeti ndiyo iliyotupa hoja iliyogeuza mambo. Makadirio hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni, kwa hivyo muda wa kusema ni ile miezi miwili. Mwajiri alishikilia kanuni za fedha za 2015, zinazosema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote. Kanuni hiyo ni ya kweli na hatukuikana. Tulisoma safu tatu, ukurasa kwa ukurasa: kilichoidhinishwa mwaka uliopita, kilichotumika, na kinachoombwa sasa. Humo mlikuwa na nafasi tupu zilizotengewa mishahara, na posho za safari zilizokua huku wafagiaji wakiambiwa hakuna pesa.

Ndipo safu ya mwaka wa kuzaliwa ikafanya kazi yake. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60. Tulipanga majina kwa umri na kuhesabu wote watakaofika 60 ndani ya miezi 24. Idara ya usafi, ambayo ndiyo iliyolengwa zaidi, ndiyo iliyokuwa na wazee wengi zaidi. Mzigo wa mishahara ungeshuka wenyewe kama nafasi za wastaafu zisingejazwa kwa muda na nafasi tupu zikifutwa, na asifukuzwe mtu. Msuluhishi aliuliza mwajiri kama amefanya hesabu hiyo. Hakuwa ameifanya.

Wenye vibanda sokoni waliungana nasi bila kubembelezwa, kwa sababu wanajua lori la taka lisipopita siku mbili katika masika kinachotokea: majani ya migomba, maganda ya nazi na matumbo ya samaki huziba mtaro, na maji machafu huingia chini ya meza za mboga. Saini zao za kuomba upunguzaji usitishwe zilikusanywa kwenye karatasi ambazo kila moja ilikuwa na maneno yote ya ombi juu yake. Karatasi ya saini isiyo na maneno ya ombi husemwa kwamba imetolewa kwingine, na inatupwa. Polisi walipewa notisi ya maandamano kama sheria inavyotaka, kati ya siku tatu na siku 14 kabla, na msafara ulimalizika mapema, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hapakurushwa hata jiwe.

Makubaliano yalitiwa sahihi Juni. Wa kudumu hawakupunguzwa. Nafasi za wastaafu zilifungwa kwa miaka miwili. Waliotaka kweli kuondoka walilipwa kwa kugawa siku 26. Orodha ya tarehe za kuingia kazini ilibandikwa katika kila kituo, ili kila mtu aone mahali pake na apinge ikiwa pamekosewa. Vibarua waliothibitisha miezi yao walipewa barua, na waliobaki waliendelea kudai mmoja mmoja.

Wa mikataba hatukuweza kuwaokoa. Vijana wa maegesho walikuwa na mikataba iliyokwisha tarehe 30 Juni, na mkataba unapofika mwisho wake sheria haiuhesabu kuwa upunguzaji. Haikuwa haki, nami siwezi kuiita jina lingine. Tangu hapo, mfanyakazi wa mkataba anapoandikishwa katika tawi lile, tarehe ya mwisho wa mkataba wake inawekewa alama miezi sita kabla, na barua ya kuomba kuongezewa muda inaandikwa wakati huo huo, ipigwe muhuri, nakala irudi ofisini.