Mkono wa kulia wa Grant Fuhr

Sijalala vizuri. Leo ni tarehe 25 Juni 2024, Edmonton nzima hapa Kanada imenuna, hata dereva wa basi asubuhi hakunijibu salamu na mimi wala sikumlaumu. Jana Oilers, timu yetu ya hoki ya barafuni, tumefungwa 2-1 kule Florida, mechi ya saba ya fainali ya Kombe la Stanley, baada ya kufungwa mechi tatu za kwanza tukashinda tatu mfululizo, tukaamini kabisa kombe linarudi nyumbani. Halikurudi. Miaka 34 sasa.

Mechi nilienda kuitazama kwa baba. Ana miaka 80, anaishi peke yake ghorofa ya pili tangu mama atutoke, na kwa mambo ya hoki ya barafuni nyumba yetu sisi ni ile sebule yake tu. Nikaenda na mwanangu wa miaka 16, nikabeba sambusa, baba akavaa ile jezi yake ya bluu na chungwa iliyofifia hadi tone la mafuta la nembo ya timu kifuani halionekani vizuri. Dakika kama tano za mwisho, vijana wanahangaika kusawazisha, baba akasema kile anachosemaga kila mwaka kuhusu Wayne Gretzky, nyota wetu wa zamani: "Enzi za Gretzky hii ilikuwa imesharudi." Mwanangu, ambaye yeye ni Connor McDavid, nyota wetu wa sasa, akageuka, akasema, "Babu jamani, kila siku Gretzky, hebu muangalie McDavid basi." Baba akanyamaza. Mimi nikanyamaza pia, ila roho iliniuma, maana nilitaka kumtetea baba na nilitaka kumtetea mtoto, wote wawili wana haki. Ndo maana naandika.

Kwa wasiojua habari zetu, baba alitoka Tanga kuja kusoma hapa Chuo Kikuu cha Alberta, mimi na mama tukamfuata Januari 1982. Nilikuwa na miaka sita. Baridi niliyokutana nayo siku ile tunatoka uwanja wa ndege siwezi kuielezea, nilidhani tumefika mahali ambapo watu hawaruhusiwi kuishi. Shuleni sina Kiingereza, sina rafiki, na darasa zima mweusi ni mimi peke yangu. Halafu jioni moja baba kawasha televisheni ndogo tuliyonunua mtumba akaniambia njoo uone, mwanangu, njoo uone kipa wao.

Grant Fuhr. Kijana mweusi, mzaliwa wa Spruce Grove, kamji kadogo tu magharibi ya hapa, timu ikamchukua mwaka 1981. Sasa mnielewe, mimi nilikuwa sijamuona mtu mweusi hata mmoja kwenye televisheni ya nchi hii akishangiliwa na watu 17,000 kwa mpigo. Baba alikuwa anamuita "yule wa kwetu", kama vile ni mtoto wa Ngamiani. Kesho yake shuleni wavulana walikuwa wanacheza hoki ya barabarani na mpira wa tenisi ulioganda kama jiwe, mmoja akaninyooshea kidole akasema Fuhr! Fuhr! wakaniweka golini. Najua leo mtu anaweza kusema waliniweka kwa sababu ya rangi, na ni kweli ndivyo ilivyokuwa, lakini mimi mwaka ule nilikuwa nimesimama peke yangu ukutani kwa wiki kadhaa na jina la yule mtu ndilo lililonitoa pale ukutani. Nikadaka golini hadi darasa la saba. Marafiki zangu wote wa utotoni nimewapatia golini.

Kwa hiyo watu wakiniuliza ilikuwaje enzi zile, huwa siwezi kuanza na takwimu. Ingawa takwimu zipo na zinatisha. Msimu wa 1981-82 Gretzky alifunga mabao 92, na 50 ya kwanza aliyapata ndani ya mechi 39 tu, siku hiyo ya 39 alifunga matano dhidi ya Philadelphia. Msimu wa 1983-84 timu nzima ilifunga mabao 446, na mpaka leo hakuna timu iliyofika hapo. Paul Coffey, beki, mtu wa nyuma jamani, alifunga 48 msimu mmoja. Jari Kurri kutoka Finland alifunga 71. Fuhr akawa mweusi wa kwanza kunyanyua Kombe la Stanley, 1984, na baadaye mweusi wa kwanza kuingizwa kwenye ule ukumbi wa magwiji wa hoki, mwaka 2003.

Lakini mabao siyo tunayoyakumbuka, au tuseme siyo hayo yanayouma. Wale walikuwa watoto, na walikulia hapa mbele ya macho yetu. Kevin Lowe, Messier na Anderson walichukuliwa 1979, Coffey, Kurri na Moog 1980, Fuhr 1981, wengi bado wana miaka 18, 19, Gretzky na Lowe walikuwa wanakaa apatimenti moja kama wanafunzi wa chuo. Mara nyingine mtu anakwambia nimemuona Messier sheli anaweka mafuta, nimemuona Anderson sehemu fulani anakula. Baba alisema inafanana na Tanga ya ujana wake, mchezaji wa Coastal Union unakutana naye barabara ya kumi na mbili ananunua mkate, jumapili yuko uwanjani Mkwakwani. Mji mdogo wenye timu kubwa, baba aliuelewa haraka kuliko alivyoielewa baridi.

Na walijifunza kwa kupigwa. Hili vijana huwa hawalijui. Aprili 1982, mimi nina miezi mitatu tu hapa, waliongoza 5-0 dhidi ya Los Angeles wakafungwa 6-5, na mfululizo wote wa mechi na wao tukaupoteza hivyo hivyo. 1983 wakafika fainali, New York Islanders wakawafagia mechi nne bila huruma. Kuna kisa Gretzky na Lowe wamekisimulia mara nyingi, baada ya mechi ile ya mwisho walipita mlangoni kwa chumba cha Islanders wakitegemea kukuta sherehe, wakawakuta washindi wamekaa wamefungwa barafu magotini na mabegani, wamechoka hoi. Sisi tuliofungwa tulikuwa wazima kabisa. Baba amenisimulia hicho kisa nikiwa nafeli hesabu, nikiwa natafuta kazi, na siku nilipoachika. Sijawahi kukichoka.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Mei 1984, Islanders hao hao, 5-2, hapa hapa nyumbani. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alinibeba mabegani tukaenda mpaka Jasper Avenue, barabara imejaa watu huwezi kupita, mtu nisiyemjua kabisa, mzee wa Kiukraine mwenye kofia, akamkumbatia baba, wakawa wanaruka pamoja na mimi niko juu nimeshika masikio ya baba nisidondoke. Nadhani ile ndo siku baba aliacha kusema "huku kwao" akaanza kusema "hapa kwetu". Sijawahi kumuuliza. Ila mama alikuwa anasema hivyo.

Halafu kuna 1986, nayo naipenda ingawa ilituvunja. Mechi ya saba na Calgary, majirani zetu, mahasimu, kama vile Simba na Yanga lakini kwa baridi. 2-2, kipindi cha tatu. Steve Smith, kijana mdogo, siku hiyo ndo anatimiza miaka 23, anatoa pasi kutoka nyuma ya goli lake, paki, kile kisahani cheusi wanachochezea, inagonga mguu wa Fuhr inaingia golini kwetu. Tukatolewa kwa bao la kujifunga. Smith alilia pale kwenye barafu na mimi nililia sebuleni, mama akaja na khanga kunifuta. Sasa mwaka uliofuata tukachukua kombe, na Gretzky nahodha alipokabidhiwa, mtu wa kwanza aliyempa alinyanyue ni Steve Smith. Baba alisimama. Alisimama tu pale mbele ya televisheni, hakusema neno.

1988 ndo mwaka ambao nikiuwaza nachanganyikiwa, maana furaha na msiba viko ndani ya miezi mitatu. Mei tuko fainali na Boston, mechi ya nne kwao, 3-3, na umeme ukakatika uwanja mzima! Baba alicheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe na Marekani pia, akapiga simu kwa rafiki yake Toronto usiku ule na simu ya mbali ilikuwa ghali mno enzi hizo. Mechi ikavunjwa, wakarudi Edmonton, siku mbili baadaye 6-3, kombe la nne. Gretzky akawaita wote wakae pale katikati ya barafu wapige picha, wachezaji, makocha, kila mtu. Siku hizi kila timu ikishinda inapiga picha ile na watu wanadhani ni utaratibu wa ligi, ulianzia pale Coliseum, uwanja wetu wa enzi hizo. Na mwaka huo huo Coastal Union wakachukua ubingwa wa Tanzania, barua kutoka kwa baba mdogo ilifika na kipande cha gazeti ndani. Baba alitembea mitaani kama mfalme.

Tarehe 9 Agosti wakamuuza. Gretzky kaenda Los Angeles pamoja na wenzake wawili, na tulichopata sisi ni wachezaji wawili, nafasi tatu za kuchagua chipukizi, na dola milioni 15 za Kimarekani. Alikuwa ametoka kufunga ndoa hapa mjini wiki tatu tu nyuma. Kwenye mkutano na waandishi akashindwa kuongea, akawa anajifuta machozi, na mbunge mmoja alisimama akataka serikali izuie. Nilikuwa na miaka 13, nipo jikoni namsaidia mama maandazi, redio ikatangaza. Baba alivyorudi kazini alishajua. Akavua viatu, akakaa, akauliza kwa sauti ya chini, "Mtu kama yule anauzwaje?"

Kombe la tano lilikuja 1990 bila yeye, Messier ndo nahodha, na niseme wazi lile tunalisahau kwenye mazungumzo na tunakosea, lilikuwa tamu. Lakini kabla yake kidogo, Oktoba 1989, Gretzky alirudi hapa na jezi ya Los Angeles akiwa anakaribia rekodi ya gwiji wa zamani Gordie Howe ya pointi 1,850, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla. Sekunde 53 zimebaki sisi tunaongoza, akafunga. Akasawazisha, akavunja rekodi, mechi ikasimamishwa, na watu wa Edmonton wakasimama wote wakampigia makofi yule aliyetoka kuwafunga sasa hivi. Mimi na baba tulikuwa nyumbani, tukasimama pia. Muda wa nyongeza akafunga tena tukapoteza mechi na hakuna aliyejali.

Mwanangu ana hoja, nakubali. Makipa wa enzi zile walikuwa na mavazi madogo, mabao yalikuwa yanaingia kwa mashuti ambayo leo kipa yeyote angeyadaka. McDavid ana kasi ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu yeyote mwenye skeiti mguuni, jana kapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano huku kafungwa, na hakutoka kuichukua, na mimi nikampenda zaidi kwa hilo. Yeye ndo Gretzky wa mwanangu. Lakini mwanangu hajawahi kuona kombe, na ninachokikosa mimi ni ule uhakika. Unafungwa mawili na hushtuki. Unaenda jikoni kuchukua chai ukijua ukirudi itakuwa sare. Sijawahi kuwa na uhakika wa namna ile na kitu chochote tena maishani, iwe kazi, iwe ndoa, na jana dakika za mwisho nilikuwa nimeshika mto kifuani nautafuta ule uhakika na haukuwepo.

Coliseum yenyewe imefungwa tangu mwanzo wa 2018. Huwa napita na treni, lile duara la zege limekaa kimya, sanamu ya Gretzky imeshahamishiwa uwanja mpya katikati ya mji. Mara nyingi nageuza uso upande wa pili.

Jana sasa, mechi imeisha, jua bado lipo nje kama kawaida ya Juni, mwanangu kajilaza kwenye kapeti kafunika uso kwa mikono na najua alikuwa analia hataki tuone. Baba akamwacha muda mrefu. Halafu akasema, "Babu, njoo hapa, kaa." Mtoto akaja akakaa chini karibu na miguu yake. Dakika nyingi hakuna aliyeongea, kisha mtoto akauliza taratibu, "Babu, huyo Fuhr alikuwa anadakaje?"

Baba akanyanyuka. Alishika mkono wa kiti kwanza, magoti hayamtii siku hizi, akakunja miguu kidogo, akauinua mkono wake wa kulia hewani akaufumba kwa nguvu kama kadaka kitu.

"Si wa kushoto?" mtoto akasema. "Makipa karibu wote wanadakia kushoto."

"Fuhr wa kulia," baba akasema, na akabaki vilevile ameunyanyua.