Miche kwanza, mbolea baadaye

Leo nimehamisha miche ya nyanya, na mizizi imenifurahisha kweli: myeupe, imeshikamana na udongo, hakuna hata mmoja uliooza.

Natumia kanuni ya John Innes ya kuchanganya udongo wa kupandia. Watu wengi hudhani ni jina la kampuni, kumbe ni kanuni iliyo wazi kwa kila mtu. Ilibuniwa miaka ya 1930 na William Lawrence na John Newell, watafiti wa taasisi ya kilimo cha bustani yenye jina hilo huko Uingereza. Udongo tifutifu ulipashwa kwa mvuke kwanza ili kuua vimelea, maana kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, humaliza kitalu kizima kwa siku chache.

Mchanganyiko wa mbegu, kwa sehemu, ni udongo 2, mboji ya kinamasi 1, mchanga wa chenga 1. Wa vyungu ni 7, 3 na 2. Kuanzia hapo kinachobadilika ni mbolea na chokaa tu: Namba 1 ni ya miche michanga, Namba 2 ina mbolea maradufu, Namba 3 mara tatu, kwa mimea mikubwa itakayokaa chunguni muda mrefu. Mche mchanga ukiwekwa kwenye Namba 3, chumvi za mbolea huunguza mizizi.

Mimi napenda udongo halisi kwa sababu unashikilia virutubisho, na uzito wake unazuia chungu kisipinduke.

Halafu jamani, mkihamisha shikeni jani, msishike shina. Jani likikatika, litaota jingine.