Dawa ya homa ya ini B: bei ya kidonge ni mwanzo tu wa hesabu

Anayetaka kujua kama kutibu homa ya ini sugu kunalipa, aanze na muda kabla ya bei. Homa ya ini C hutibiwa kwa sofosbuvir na daclatasvir kwa wiki 12, wengi mno wanapona, na gharama ya dawa imeishia hapo. B ni habari nyingine. Tenofovir na entecavir hufubaza virusi bila kuving'oa, maana vinasaba vyake hubaki vimejificha ndani ya kiini cha seli za ini. Mgonjwa humeza kidonge kila siku kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Gharama inaanza leo, ilhali faida, yaani sirosisi (ini kujaa makovu) na saratani zilizoepukwa, huja miaka 20 au 30 baadaye.

Hapo ndipo kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya faida na gharama za baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka wa kusubiri, kinapouma. Kwa asilimia 3 kwa mwaka, faida ya 100 itakayopatikana baada ya miaka 30 inahesabiwa leo kuwa 41 tu. Ukiikata modeli (hesabu inayoiga safari ya wagonjwa mwaka hadi mwaka) kwenye mwaka wa 10, unabaki na gharama huku faida nyingi zikiwa bado hazijafika, na dawa nzuri inaonekana hasara. Ifuate hadi mwisho wa maisha ya wagonjwa. Kwa B, hili sioni pa kulilegeza.

Modeli ya Markov, inayowahamisha wagonjwa kutoka hali moja hadi nyingine, yenye mzunguko wa mwaka mmoja inatosha: homa ya ini sugu, sirosisi tulivu, sirosisi iliyolemea (maji tumboni, kutapika damu), saratani ya ini, kifo. Kosa ninalolichukia zaidi liko kwenye kubadili takwimu za miaka 5 kuwa za mwaka mmoja. Tuseme asilimia 60 ya walio kwenye hali fulani hufa ndani ya miaka 5. Mtu anagawa kwa 5, anaandika 12. Irudishe kwenye modeli: baada ya miaka 5 wamekufa asilimia 47 tu, wengine umewafufua kwenye karatasi. Njia sahihi ni 1 − (1 − 0.60)^(1/5), ambayo ni asilimia 16.7 kwa mwaka.

Kisha uliza: unalinganisha na nini? Pale ambapo wenye sirosisi tayari wanapewa dawa, "bila tiba kabisa" si mlinganisho halali. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 ulipanua kundi la wanaostahili dawa, kwa hiyo swali lenye uzito sasa ni kumwanzishia mtu leo au kumsubirisha huku ukimpima. Kusubiri nako kuna gharama: kipimo cha wingi wa virusi, kipimo cha ALT (kimeng'enya kinachoonyesha ini linaumia), safari na siku za kazi zinazopotea. Kidonge kikiwa rahisi, vipimo vya kuamua nani apewe vinaweza kukizidi bei. Ndiyo maana njia ya kuamua kwa AST (kimeng'enya kingine cha ini) na chembe sahani za damu pekee, iitwayo APRI, inastahili safu yake kwenye jedwali.

Usisahau kipimo cha kreatinini kwa wanaotumia tenofovir, kwa ajili ya figo, wala altrasaundi kila miezi 6 kwa wenye sirosisi: dawa hupunguza hatari ya saratani, haiifuti. Usiazime usugu wa virusi dhidi ya lamivudini, dawa ya zamani ya B, unaofikia takriban asilimia 70 kwa miaka 5, ukauweka kwenye entecavir, ambako kwa wasiowahi kutibiwa ni kama asilimia 1.

Jambo linaloachwa mara nyingi ni wanaokatiza dawa. Modeli nyingine huwarudisha tu kwenye kundi la wasiotibiwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Virusi vikiamka ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya, na kwa mwenye sirosisi hilo laweza kuwa kifo ndani ya wiki chache. Wape hali yao wenyewe, yenye gharama ya kulazwa na hatari ya kifo, kisha pandisha na kushusha kiwango cha kukatiza uone jibu linapogeukia.