Ndege Mwenye Meno wa Berlin

Mama alikuja Berlin kwa ajili ya mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi. Amezaliwa Lindi, na tangu utotoni alisikia wazee wakisimulia mifupa iliyobebwa vichwani na mabegani, kwa mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini, kati ya 1909 na 1913. Ndani ya Museum für Naturkunde, jumba la makumbusho ya viumbe asilia, alisimama chini ya mjusi yule, kimo chake zaidi ya mita 13, akasema, "Mwanangu, huyu ni wa kwetu."

Mimi hamu yangu ilikuwa kwingine. Nikamshika mkono hadi chumba chenye mwanga hafifu, mbele ya bamba la jiwe la chokaa lililo nyuma ya kioo: Archaeopteryx, ndege wa kale aliyehifadhika jiweni, aliyechimbwa karibu na Eichstätt, Bavaria, miaka ya 1870. Ukubwa wake ni wa kunguru. Mabawa yametandazwa, manyoya yameacha chapa jiweni, shingo imepindia mgongoni.

Mama akainama. "Mbona ana meno?"

Ni madogo mno, yamechongoka, juu na chini. Nikamwonyesha na kucha tatu za kila bawa, na mkia mrefu wa mifupa. Mwenzake aliyenunuliwa London mwaka 1862 alikosa sehemu kubwa ya kichwa. Huyu ndiye aliyewapa wataalamu kichwa kizima. Nilimwambia Mama kwamba katika jengo lote lile nampenda yeye kuliko hata mjusi wetu. Hakufurahi.

Inasimuliwa kwamba mkulima aliyempata alimuuza ili anunue ng'ombe. Baadaye Werner Siemens, mwenye viwanda, alitoa mark 20,000 ndege abaki Ujerumani.

"Na waliobeba wa kwetu walipewa nini?" Mama akauliza, na lilikuwa swali la haki.

Aliposikia kwamba ndege huyu na mjusi waliishi zama moja, takribani miaka milioni 150 iliyopita, alikata shauri papo hapo: basi hata Tendaguru ndege kama huyu walikuwepo. Nikamweleza kwamba mifupa ya ndege ni myembamba, ina uwazi ndani. Kule Bavaria tope laini la chokaa lilimfunika kwenye maji yaliyotulia, Tendaguru ilikuwa pwani ya mito na mikondo. Tendaguru wamepatikana reptilia warukao, ndege mwenye meno bado.

"Hawajachimba vya kutosha."

Tukabishana hadi kwenye treni. Nilipomtajia Tendaguripterus, mmoja wa hao warukao, aliyepewa jina mwaka 1999, akanipiga begani. "Si umeona? Kama huyo alingoja mpaka juzi, wa meno naye anangoja."