Kambi ya muziki ya Agosti, na jinsi solfa ilivyotuokoa

Kambini kwetu hakuna anayeishi kwa muziki. Kuna walimu wa msingi, fundi wa pikipiki, muuza mitumba na akina mama wa kwaya ambao wakikosa Jumapili moja kanisa zima linajua. Tunakutana likizo ya Agosti katika shule ya bweni huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, maana vitanda viko wazi na jiko lipo.

Wazo nililichota Uingereza. Mwaka 1948 mwanamuziki William Glock alianza shule ya muziki ya kiangazi pale Bryanston, na mwaka 1953 ikahamia Dartington. Mabingwa na watu wa kawaida walishiriki pamoja, na hilo ndilo nililolipenda. Kiangazi sisi hatuna, Agosti ni mvua tu, lakini likizo ni likizo.

Pesa hazikusumbua sana. Asiyekuwa na ada alileta mahindi na maharagwe. Kazi ilikuwa kusoma muziki. Walimu niliowaalika walitaka noti za mistari mitano, na wanakwaya wangu wamekulia solfa, muziki unaoandikwa kwa herufi za doh, re, mi, ile ambayo John Curwen aliieneza Uingereza karne ya 19 na wamisionari wakaileta Afrika. Wapo wanaoidharau. Mimi nimeona mama akitazama herufi ubaoni, akapewa doh, akaimba alto mstari mzima bila kinanda, huku mpiga kinanda akingoja stima irudi.

Basi nikaamua tuanzie solfa. Mistari mitano ikaingia kupitia mlango huo huo: doh ikikaa kwenye mstari, mi na so nazo ziko kwenye mistari miwili inayofuata kwenda juu, doh ikikaa kwenye nafasi, wenzake wako kwenye nafasi. Fundi wa pikipiki alilishika hilo kabla ya chai ya saa nne na kuanza kuwafundisha wenzake wa besi.

Kisha akaja mzee mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kutoka upande wa Siaya. Akaketi kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao. Kinanda na nyuzi zake nane havikupatana hata kidogo.

"Mzee, tukaze nyuzi kidogo?" nikamuuliza.

"Mwalimu, nyuzi ziko sawa. Nyinyi njooni huku."

Tukaenda. Kwa solfa doh haina makao ya kudumu, kwa hiyo tulichukua uzi wake mmoja tukauita doh, kwaya ikajipanga hapo. Kinanda kikafunikwa. Palikuwa na sehemu alto na uzi mmoja walikwaruzana kila mara, na sikuona haja ya kulazimisha. Alto wakanyamaza pale, wakapiga makofi.

Agosti hii tumealika mpiga litungu, ala nyingine ya nyuzi, kutoka Bungoma, nyuzi saba. Ufunguo wa wimbo, yaani doh itakaa wapi, sijauandika.