Siku .300 iliponiumbua

Mi nilikuwa nishaamua hata kabla sijalala kwenye mkeka wa kulengea shabaha, napiga na risasi aina ya .300 Winchester Magnum basi, maana nilijiambia shabaha ya mita 900 sio mchezo, lazima risasi iwe kubwa na baruti iwe ya kutosha. Kocha akasimamisha risasi tatu mbele yangu, .308 Winchester, 6.5 Creedmoor na hiyo yangu, imezizidi wenzake urefu, ndo ikazidi kuninogea.

Tukaanza mita 300. Ya kwanza ndani, ya pili ndani, ya tatu pembeni kabisa, ya nne sijui hata ilikoenda, bega linawaka moto. Nikalaumu upepo, nikalaumu darubini, kocha kimya, akachukua bunduki akapakia mwenyewe akanirudishia, "haya piga". Nikavuta triga, nikasikia tik tu, na mdomo wa mtutu ukainama chini kama mbuzi anakunywa maji, macho nimefumba, bega nimelisukuma mbele! Kumbe kaniwekea risasi bandia isiyo na baruti. Teke la bunduki halikuwepo, nimelikimbia kabla halijaja.

"Huo ndo upepo wako," akasema. Aibu niliyopata we acha tu.

Sio kwamba .300 ni mbovu, kwenye makaratasi inazipita zote mbili, ila makaratasi hayana bega. Akanipa .308, ya tangu 1952, tamu na mtutu wake unadumu, lakini kufika mita 900 imeshachoka, kasi inakaribia ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, hapo inaweza kuanza kuyumba na kaupepo kadogo tu kanaibeba. Nikakosa mara nyingi kuliko nilivyopata.

Halafu Creedmoor, ya juzijuzi tu, 2007. Mtutu wake unakufa mapema kuliko wa .308, hilo alinionya, ila kichwa chake kirefu chembamba kinapasua hewa vizuri na teke lake dogo, kwa hiyo jicho halikutoka kwenye darubini. Nikaliona bamba la chuma la shabaha linatikisika kimyaaa, nikadhani nimeota, karibu sekunde tatu baadae ndo ngaa! ikanifikia.

"Na ile ndefu?" kocha akauliza.

"Irudi kwenye boksi, kocha."

Ile bandia ndo nikaomba nibaki nayo.