Ufunguo wa TLS kwenye seva ya simu: ninavyouhuisha bila simu kugoma

Ujumbe wa SIP (itifaki ya kuanzisha simu za mtandaoni) kwenye seva yangu ya Asterisk, programu ya kuendesha simu, hupita ndani ya TLS (njia iliyosimbwa), poti 5061. Sauti inasimbwa kwa SRTP, ila kwa njia ya SDES ufunguo wa sauti husafiri ndani ya ujumbe wa SIP wenyewe, herufi 40 kwenye mstari wa a=crypto. Anayeusoma ujumbe huo ameupata na ufunguo. Kwa hiyo TLS ikilegea, SRTP haina maana.

Cheti changu cha TLS, faili inayothibitisha jina la seva, ni cha Let's Encrypt (watoaji wa vyeti vya bure), cha siku 90, na programu ya certbot hukihuisha yenyewe. Kazi huanzia hapo. Folda za live na archive ndani ya /etc/letsencrypt, zenye vyeti na funguo, husomwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake, ilhali Asterisk huendeshwa na mtumiaji wake. Wengi hulegeza ruhusa za folda hizo nzima. Mimi nalikataa hilo kabisa. Naweka skripti ndani ya renewal-hooks/deploy, ambayo certbot huiendesha kila inapohuisha cheti, inayonakili fullchain.pem (cheti changu pamoja na cha kati) na privkey.pem (ufunguo wa siri) kwa amri hii:

install -o asterisk -g asterisk -m 600 "$RENEWED_LINEAGE/privkey.pem" /etc/asterisk/keys/

Mstari wa pili ni huo huo kwa fullchain.pem. Ukinakili cert.pem badala yake, cheti cha kati hakitumwi na simu nyingi zitakataa kuunganika.

Faili mpya peke yake haitoshi. Kwenye toleo langu, Asterisk huendelea kushika cheti cha zamani kwenye kumbukumbu, kwa hiyo skripti humalizia na "core restart when convenient", inayosubiri pasiwe na simu inayoendelea. Kisha nakagua kile seva inachotoa kweli, si kilichomo kwenye diski:

openssl s_client -connect jina-la-seva:5061 </dev/null | openssl x509 -noout -enddate

Upande wa simu za mezani, kosa huwa moja kati ya haya: simu imesajiliwa kwa anwani ya IP wakati cheti kina jina, saa yake imerudi mwaka wa nyuma kwa kukosa NTP (usawazishaji wa saa kupitia mtandao), au haina ISRG Root X1, cheti mzizi cha Let's Encrypt. Pakia mzizi huo, usipakie cheti cha seva, maana certbot kwa kawaida hutengeneza ufunguo mpya kila inapohuisha. Simu za zamani zisizojua ECDSA, aina ya ufunguo ambayo certbot huitumia tangu toleo la 2.0, naziombea cheti kwa --key-type rsa.

Ufunguo ukivuja, sisubiri siku 90: natoa cheti kipya, nawasha Asterisk upya, halafu nabatilisha cha zamani kwa certbot revoke --reason keycompromise.